Damu Ilikuwepo

Mbezi, Dar es Salaam

Mama, shikamoo.

Natumaini kifua cha baba kimetulia na ndege hawajamaliza alizeti zenu hapo Mungaa. Mimi mwili ni mzima, ila moyo sio. Nimeona niandike, maana kwenye simu nikianza tu nitalia, na wewe utapanda basi kuja huku.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ofisi yetu ilitengeneza tovuti ambayo hospitali hutumia kutafuta damu. Mhudumu akiomba chupa, mfumo unafanya mambo mawili: unaiondoa chupa kwenye akiba, kisha unaiandika kwa jina la mgonjwa. Yote mawili yanatakiwa yakamilike pamoja, au lisifanyike hata moja. Huo ndio tunauita muamala. Lakini waliojenga mfumo kabla yangu waliacha kila hatua ijihifadhi peke yake. Nilipoligundua hilo nikamwambia mkurugenzi.

"Monika, wateja hawaoni hayo," akanijibu. "Malizia ukurasa wa ripoti."

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mtinko alijifungua, akatokwa damu nyingi. Hospitali walipofungua tovuti, ilionyesha damu ya kundi lake imekwisha Singida mjini. Gari likatumwa Manyoni. Halijarudi, akakata roho. Mtoto yupo, wa kike.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutafuta kilichotokea. Nilimpigia muuguzi aliyekuwa zamu. Aliposikia lafudhi yangu akanisalimia kwa Kinyaturu.

"Chupa zilikuwa kwenye jokofu la akiba pale mjini," akasema. "Zimeonekana baadaye. Hazina jina la mtu."

Nikaelewa hapo hapo. Asubuhi ile kuna mtu aliziomba, mtandao ukakatika katikati. Zikaondolewa kwenye akiba bila kuandikwa kwa yeyote.

"Na mume wake?" nikauliza.

"Wakwe wanasema alichelewa kumleta. Alimleta mapema, mimi ndiye niliyewapokea. Lakini siku hizi hata mwenyewe anasema alichelewa."

Mama, nimeurekebisha ule mfumo. Sasa hatua haziachwi zijihifadhi kila moja peke yake. Nimeandika amri za kuufungua muamala, kufanya hatua zote mbili, na mwisho kuuthibitisha. Hatua moja ikikwama, kila kitu kinarudishwa kilivyokuwa. Niliujaribu kwa kukata mtandao makusudi, na kila mara chupa zilirudi kwenye akiba. Ni mistari michache tu. Mwenzangu wa meza ya jirani alinipongeza, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Kisha mkurugenzi akaniita niandike maelezo ya kupeleka hospitali. "Weka kwamba tatizo lilikuwa mtandao," akasema. "Na kweli ulikatika."

"Ulikatika," nikasema, "lakini mtandao hukatika kila siku. Mfumo ndio haukujengwa kuvumilia."

Nikaandika hivyo, na kwamba kasoro ilishatajwa mapema. Nikayatuma. Kesho yake mlinzi aliambiwa asinifungulie geti.

Sasa nina ombi, na najua ni zito. Nenda Mtinko ukawape pole. Nimeongea na yule muuguzi, atakupeleka. Mwambie yule mume wa marehemu hakuchelewa, damu ilikuwepo. Mwambie mbele ya wakwe zake, wasikie. Akiuliza umejuaje, usinifiche, sema binti yako alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi hiyo. Akikufukuza, ondoka taratibu, usijibizane naye.

Nisalimie kaka Elia na ng'ombe wake. Shangazi Tatu, anayelala chumba changu, mwambie asihame nikirudi, tutabanana. Baba usimsomee barua hii mpaka utakapotoka Mtinko.

Ni mimi binti yako,
Monika