Bunduki ya Mpingo

Kibamba, 4 Juni 1975

Dada Yuliana,

Shikamoo. Huku hatujambo, mihogo imeshika na paa nimeshaezeka. Tangu yule mtu aue watu sita kwa bunduki ngomani, mikutano haiishi. Wengine wanataka kila nyumba ipewe bunduki ijilinde, wengine wanataka hata magobore yakusanywe.

Umeuliza ilikuwaje marehemu mdogo wetu Albano, mgambo mwenye bunduki, asimpige yule mtu. Dada, mgambo wa hapa hawajapewa bunduki za kweli. Wanafanyia gwaride bunduki za mti, na yake niliichonga mie kwa mpingo, nikaing'arisha sana mpaka ikaonekana ya kweli. Risasi zilipoanza kulia, watu walikimbilia nyuma yake, naye akaona haya kuondoka.

Mdogo wako,
Polikarpo