Jina Lililong'olewa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua? Mimi mzima, ila macho yanawaka. Kazi yangu mpya ni kusahihisha vitabu vya zamani vilivyopigwa picha. Mashine inasoma herufi, nami naikamata inapokosea: "m" inaiandika "rn", "l" inaifanya moja. Kila mstari nausoma kinyumenyume, neno la mwisho kwanza, nisije nikanogewa na habari nikapitwa na kosa. Leo nimepewa kitabu mlichokipanga herufi wewe na baba mkubwa kule kiwanda cha uchapaji!

Mwanao

12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kikohozi kimeona hapa ndipo kwao. Kinyumenyume ndivyo tulivyosoma sisi pia, kwa herufi za madini ya risasi zilizopangwa kinyume.

Nina ombi. Kwenye ukurasa wa shukrani mwandishi alitutaja sote wawili. Siku hizo nilikuwa nimekosana na kaka yangu, basi nikaling'oa jina lake kabla ya kuchapa. Yeye akadhani mwandishi kamdharau, akaacha kazi. Hadi leo sijamwambia. Lirudishe, mwanangu. Nani atajua? Naona aibu, na umri umekwenda.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniliza. Nimekaa na ukurasa ule asubuhi nzima, na sirudishi kitu. Nasahihisha makosa ya mashine tu. Kilichochapwa hakiguswi, hata kikiwa cha uongo. Nikianza kumpendelea baba yangu, sitajua pa kuishia. Isitoshe, baba mkubwa anakaa mtaa wa pili kutoka kwako, halafu unapitia kwangu! Nenda mwenyewe. Nakupenda, ndiyo maana sikufichi.

Mwanao

16 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Wiki mbili nzima nilikununia, mtoto gani huyu mbishi. Kisha nikavaa viatu nikaenda.

Siku ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akanifungia mlango. Siku ya pili hakufungua kabisa. Jana kaniruhusu kuingia, ila kiti hakunipa. Nilisimama hadi magoti yakalalamika. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipokuwa unaling'oa, mkono haukutetemeka?"

Nikamwambia haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Akatazama dirishani.

Kesho naenda tena.

Baba yako