Pombe Uliyowanywesha Wazee Nikiwa Darasani

Kaka Deo,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu marehemu baba alitulea hivyo, si kwa sababu moyo umetaka. Mimi ni mzima. Afya yako siulizi, nasikia una nguvu za kutosha kung'oa miti ya mpaka.

Huku Uholanzi baridi ni kali na masomo hayana huruma. Fani niliyochagua ni sheria za kimataifa na sheria linganishi: tunaweka sheria za nchi hii kando ya za nchi ile, tunapima. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kueleza urithi wa ardhi kwetu Ngara. Nikajisifu! Nikawaambia baba alinitembeza kwenye migomba ya bondeni mbele ya wazee, akasema hapa ni pa binti yangu, na kaka yangu akapiga makofi. Mwalimu alifurahi sana.

Nilipotoka nikampigia mama. Ndipo nikasikia ulivyowakalisha wazee wale wale, ukawamiminia pombe ya ndizi, ukatangaza kwamba aliyeolewa hana fungu kwa baba yake, na kwamba mimi nimeolewa na masomo. Nao wakanywa. Deo, huna haya. Hiyo shule ilileta ng'ombe wangapi wa mahari?

Nilipokuuliza kwa simu ukanijibu kwamba sheria za kimataifa zinaishia uwanja wa ndege, kijijini kwetu Bukiriro hazifiki. Nimekasirika mpaka chakula hakipiti. Basi sikiliza. Sizihitaji. Sheria ya ardhi ya vijiji, ya Tanzania yetu hii hii, inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Nimelinganisha nchi za watu mpaka macho yakauma, kumbe ya kukutosha iko hapo hapo nyumbani. Likizo narudi, na nitaanzia baraza la ardhi la kijiji. Usiguse mgomba hata mmoja.

Msalimie wifi, mkeo, yeye hana kosa. Shangazi wa Kasulo mwambie dawa yake ya miguu nitamletea. Wazee waliokunywa usiwasalimie.

Nilimsihi mama akae kando, asigombane na mwanawe wa kwanza. Akasema, "Niandike shahidi. Deo nimemzaa mimi, lakini siku baba yenu alipokuonyesha shamba nilikuwepo."

Mdogo wako,
Consolata