Alikuwa Mcheshi na Mpenda Watu

Nakuru, 2 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Chamgei. Natumaini wewe na binamu yangu Kipruto mko wazima, na ng'ombe bado anatoa maziwa. Mimi niko salama mwilini tu. Nimekaa miezi na hadithi moja na haisongi. Naandika ukurasa, nasoma, nafuta. Watu wote wa hadithi yangu wanaongea kama tangazo la redio. Hapo Kapkatet kila matanga wanakuja kwako uwaandikie wasifu wa marehemu, na ukisomwa hata wazee wanatafuta kitambaa. Unatoa wapi? Nikishindwa safari hii naacha, Shangazi, nakwambia ukweli. Nitauza simu dukani basi.

Mtoto wa ndugu yako,
Nelvine

Kapkatet, 11 Februari 2025

Nelvine mama,

Chamgei mising. Barua yako nilipewa na dereva wa shuttle, nikaisoma nikiwa bado nimesimama barabarani. Mimi ni mzima, ila magoti. Kipruto ako tu. Tangu walete mashine za kuchuma majani ya chai kule kwa shamba kubwa hajapata kazi nyingine. Analala mchana, jioni anatoka, anarudi amelewa. Namwekea ugali mezani na kunyamaza. Mimi na yeye hatukosani.

Sasa wewe. Kuacha nini? Ebo! Wafiwa wakija kwangu huanza hivi: "Alikuwa mcheshi na mpenda watu." Hiyo naikataa hapo hapo. Kwa maneno hayo unaweza kumzika yeyote, hata mwizi wa kuku. Nawaacha wanywe chai, halafu nauliza: mlikuwa mkikosania nini naye? Wanashtuka. Kisha mjane anasema, huyu mzee alikuwa akikamua ng'ombe amevaa kofia yangu ya kanisa, nimemgombeza miaka yote. Anacheka, halafu analia vile hajalia tangu mochari. Hapo sasa marehemu ameingia nyumbani na kuketi, nami nachukua kalamu. Usingojee kitu kishuke kutoka mbinguni. Nenda kwa mtu, uliza hilo swali, ufunge mdomo.

Shangazi yako,
Jerusa

Nakuru, 30 Machi 2025

Shangazi,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti. Swali lako limefanya kazi! Jirani yangu Tabby alifiwa na mumewe, Muriuki, mwaka jana. Nilipomuuliza walikuwa wakikosania nini alinifukuza na ufagio. Jioni akanigongea mlango mwenyewe, akaniambia vile Muriuki alikuwa akionja kila sufuria na kuongeza chumvi, hata kwa nyumba za watu. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nimeandika bila kufuta, na hadithi nakutumia pamoja na hii barua.

Lakini Kipruto nampigia hashiki simu. Mwambie anitafute, tafadhali. Namkosa.

Mtoto wako,
Nelvine

Kapkatet, 3 Septemba 2025

Nelvine,

Leo sina salamu. Najua jirani yetu Molly ashakupigia, kwamba Kipruto amepatikana kando ya barabara, amekufa. Pombe imemmaliza mtoto wangu wa pekee. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kamati inataka wasifu. Nimeketi na kalamu tangu jana. Watu wote wa huku nimewaandikia, na wangu amenishinda. Niandikie wewe. Ile hadithi ya Muriuki niliisoma, nikakosa nguvu ya kukujibu, lakini ni nzuri. Umeshanipita.

Shangazi yako,
Jerusa

Nakuru, 5 Septemba 2025

Shangazi yangu,

Pole. Pole sana. Nimelia dukani mbele ya wateja, bosi akafunga duka mapema. Nitaandika, na Jumatano nitakuwa hapo na wewe.

Nisamehe kwa hili. Mimi nina Kipruto wa Krismasi tu, yule wa kutuchekesha. Wewe ndiye uliishi naye. Nikiandika bila kukuuliza nitaandika kama redio, na yeye hastahili hivyo. Mlikuwa mkikosania nini, Shangazi? Kitu kimoja tu, hata kidogo.

Mtoto wako,
Nelvine

Kapkatet, 8 Septemba 2025

Nelvine mama,

Nimekaa na swali lako. Sasa najua kwa nini wale wajane walikuwa wakishtuka.

Akiwa mdogo nilimgombeza kwa mengi. Alikuwa akificha viatu vyake Jumapili ili asiende kanisa. Lakini huyo ni mtoto, na tunayezika ni mtu mzima mwenye ndevu. Huyu mtu mzima sikumgombeza hata siku moja tangu mashine zije. Alilewa, nikanyamaza. Aliuza mbuzi, nikanyamaza. Nilijiambia natunza amani ya nyumba. Mwezi wa saba alisimama hapa mlangoni, hajalewa, akaniuliza, "Mama, hata hunigombezi?" Nikamwambia chakula kiko mezani.

Nimemtafuta nyumba nzima, simpati. Sijui alikuwa akiogopa nini. Sijui alikuwa akienda kwa nani jioni. Tulilala chini ya mabati mamoja na sikuishi naye, Nelvine, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Usijisumbue zaidi. Programu za mazishi zinachapishwa Alhamisi. Andika tu kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu.

Mama yake Kipruto