Mtoto Hupakatwa na Anayejua Kuogelea

Jumapili, magharibi imeshaingia. Mvua ya jana ilituachia jua la kuchoma, na mimi nimerudi Kibiti nimenuna kama mtu aliyenyimwa futari.

Tulikwenda ziwani, huko Ngorongo. Zuhura, binti yangu wa miaka minne, hakuwahi kupanda mtumbwi, na wiki nzima alikuwa akipiga makasia jikoni kwa mwiko wangu. Baba yake akafunga duka, akatuchukua sote: mimi, mtoto na Mwanahawa.

Mwanahawa ni mke mwenzangu. Haya, nimeshaandika.

Niliamka alfajiri nikachoma vitumbua, nikamvisha Zuhura gauni la njano. Kichwani nilishajipangia kila kitu: mtoto mapajani kwangu, simu mkononi, picha za kuwatumia dada zangu. Shemeji Athumani, mdogo wake mume wangu na mwenye mtumbwi, akanizuia pale pale ufukweni. Kwao, mtoto mdogo akiwa majini hapakatwi na mamaye, hupakatwa na anayejua kuogelea.

"Shemeji, wewe mtu wa milimani," akaniambia. "Ukizama, unazama naye. Mpe bi mdogo."

Wakacheka. Nami nikacheka, meno tu. Mwanahawa kazaliwa deltani, na kwao mtoto huogelea kabla hajaota meno yote. Mimi kwetu Umatumbini, maji tunayajua ya ndoo.

Nikamkabidhi mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikaa nyuma yao, nikawa naona visogo viwili. Mwanahawa alimwonyesha mayungiyungi, akamwimbia kwa sauti ya chini kwa Kindengereko, na Zuhura akacheka kile kicheko cha kukatika pumzi. Siku zote nilidhani kicheko kile ni changu peke yangu. Niliona wivu, jamani. Ule wa kukausha mate. Baba Zuhura naye alikuwa akiwatazama huku anatabasamu, na tabasamu lile nalo nikaliweka moyoni.

Ndipo Zuhura akatumbukiza mkono majini. Ziwa lile lina mamba. Mwanahawa alishamshika kiganja, taratibu, bila hata kukatiza wimbo. Lakini mimi nilishasimama. Kwenye mtumbwi! Ukalala kulia, ukalala kushoto, maji yakaingia, vitumbua vyangu vikaelea.

"Kaa chini, shemeji! Utatuua!" akapiga kelele Athumani.

Zuhura akatoa yowe, akamng'ang'ania Mwanahawa shingoni. Kisha akanichungulia juu ya bega lake, macho yamemtoka. Aliyekuwa akimwogopa ni mimi.

Tulivyorudi nchi kavu, Mwanahawa alinirudishia mtoto. Mikono yake ilichelewa kidogo kushuka baada ya mimi kumpokea. Yeye Mungu hajamjalia bado. Niliona, nikageuza uso. Sikutaka kumwonea huruma leo.

Nyumbani Zuhura akawasimulia majirani wote kwamba mama alitaka kutuzamisha. Watu hawana mbavu. Mwanahawa akamkatiza: "Usiseme hivyo, mwanangu. Mama alitaka kukuokoa."

Mwanangu! Na bado ananitetea. Afadhali angekuwa na roho mbaya, ningejua pa kuanzia. Mtu hanigombezi, hanisemi, akipika ananiwekea kipande kikubwa cha samaki. Utamchukia vipi mtu kama huyo? Mimi leo nimejitahidi mchana kutwa.

Jioni nilipokuwa namwogesha, Zuhura akaniuliza, "Mama, kwani wewe utajifunza lini kuogelea?" Nikammwagia kata ya maji kichwani ili afumbe macho, asiyaone yangu.

Idi hii tumealikwa kwao Mwanahawa. Nimeamua. Nitamwita pembeni, nitamwomba anifundishe kuogelea. Kila nikijaribu kuyatamka maneno hayo naona uchungu wa shubiri mdomoni, maana ataitika "haya, dada" kwa ile sauti yake ya upole, na nitalazimika kumwachia anishike mgongo nisizame, mbele ya ndugu zake wote.

Msije mkanisifu kwamba nimekuwa mke mwenza mwema. Namwomba kwa wivu.

Safari ijayo namtaka mwanangu mapajani kwangu.