Mwenyekiti Wetu Yupo Kwenye Migomba

Shikamoo, Kocha Elirehema. Marahaba yako siisikii, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Naandika nimesimama, mtoto mgongoni, maana nikikaa analia. Tangu tukuzike sijatulia. Hata nikifua nahisi kuna mahali nimechelewa. Mazoezi ya mbio ya wasichana wa klabu yetu, uliyokuwa ukiwaamshia alfajiri, sasa nayaendesha mimi, ile njia ya kupanda kutoka Kikatiti, na mlimani wananiacha. Naona aibu, halafu nakumbuka ulivyonitania siku niliyorudi mazoezini maziwa yakivuja: "Mama mtoto, umezaa wewe, miguu haikuzaa." Nilikasirika, Kocha. Ila nilikimbia.

Sasa sikia tulichofanya. Zile fomu za kusajili klabu kwa Baraza la Michezo la Taifa, ulizoanza kujaza ukaugua, tulikaa kikao tuzimalizie. Bila cheti wasichana hawaingii kwenye orodha ya kambi ya vijana, wala vifaa hatuombi. Kwenye mwenyekiti pana jina lako, kwa mwandiko wako. Nani alifute? Mzee Sifaeli, mweka hazina wetu, akasema kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka ukoo ukae, na ukoo wako unakaa Krismasi, watu wakirudi kutoka mijini. Mimi katibu nikazipeleka hivyo hivyo.

Afisa michezo wa wilaya, dada mmoja mpole, akasoma. "Mwenyekiti wenu anapatikana?" Nikasema yupo nyumbani kwake, kwenye migomba. "Basi mpigie aje asaini." Nikamwambia tumemzika huko. Akavua miwani, hakunicheka. "Pole sana. Lakini Baraza linataka mtu wa kumuuliza. Mkigombana, mtoto akiumia, nimwite nani?" Akanipa mpaka Ijumaa.

Kwa Mzee Sifaeli sikwenda. Nilikwenda kwa Mama Neema, mke wako. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, nikamweleza yote. Akaendelea kukata. Mwisho akasema, "Ukoo wanakuja kugawa kihamba, shamba la ukoo, na migomba yake. Hao wasichana si migomba. Andika jina lako, na Sifaeli mwache aongee, atachoka."

Nimerudi na ruhusa, na bado moyo haukai. Nikisaini, atakayeitwa ni mimi. Nina mtoto wa miezi saba, shule niliishia darasa la saba, katiba ya klabu naisoma mara tatu ndiyo niielewe. Wewe ulijua kusema na maofisa. Mimi nikiingia ofisini nasahau hata kata yetu. Lakini Upendo, yule mwembamba anayekimbia na viatu vya kaka yake, ana mwaka huu tu. Mwakani umri wa vijana utakuwa umempita. Tukisubiri Krismasi, yeye atabaki nyumbani kwa ajili ya heshima yetu sisi wakubwa. Hilo nimelikataa.

Kwa hiyo nisamehe. Na kama hunisamehe, nitafanya vilevile. Kesho ndiyo Ijumaa. Nitakukata kwa mstari mmoja tu, mwembamba, jina lako lisomeke chini yake, na pembeni nitaandika langu. Wakiniita, nitakwenda, mtoto mgongoni.

Pumzika, Kocha. Wasichana nitawaamsha mimi.