Bei ya Baiskeli ya Bure

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini goti limepoa na umeacha ubishi wa kupanda ngazi. Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Mapaja yamekaza hadi mteja mmoja ameniuliza kama siku hizi nabeba magunia.

Chanzo ni ile baiskeli uliyoniachia ulipohama. Ya bure, ulisema. Kaka, bure hiyo imenitoa jasho! Nilijiunga na waendesha baiskeli wa masafa marefu wanaopita mbele ya kibanda changu kila Jumapili, nikidhani kinachotakiwa ni miguu tu. Kiongozi wao, mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, alinikagua mbele ya watu akasema bila kofia ngumu siendi popote. Baada ya kofia zikaja taa, pampu, viatu, halafu matairi, maana yangu aliyaita ya kwendea sokoni.

Kaptura yenye sponji nilikataa kununua. Mimi fundi cherehani niuziwe kaptura? Nikachukua sponji za mabega ya koti, nikazishonea mwenyewe, na mshono mnene nikaupitisha katikati. Aisee! Nusu ya safari niliimaliza nimesimama juu ya pedali, na siku zilizofuata nilikata vitambaa tu, kukaa kwenye cherehani kulinishinda. Ya dukani nikainunua kimyakimya.

Fedha zilipokauka, nikayatazama makochi. Unayajua, yale aliyonunua shemeji yako kabla hajaondoka akisema haendi mbali. Miaka yote nimeyafunika vitambaa, wageni nikawakalisha kwenye stuli, ili akirudi ayakute yalivyo. Nawe kila ukija ulinisihi nivumilie. Basi nimeyauza. Yalipopakiwa kwenye mkokoteni nililia, sikufichi. Kisha nikaingia ndani, nikashangaa sebule yangu ilivyo kubwa.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Shemeji yako amerudi. Alibisha hodi Jumapili iliyopita asubuhi, begi mkononi. Aliiangalia sebule, akaiangalia baiskeli, akauliza yeye atakaa wapi. Mimi nilikuwa nimeshavaa kofia. Nikamwambia sijui, nina safari na wenzangu wananisubiri. Akacheka, akidhani natania, akauliza nitarudi saa ngapi ili anisubiri. Nikamjibu kwamba kusubiri ni kazi ngumu, naijua, nisingependa aianze. Mlango niliufunga mwenyewe, kaka, na ufunguo nikauweka mfukoni. Niliporudi hakuwepo.

Najua atakuja kwako umwombee. Mkaribishe, mpe chai, msikilize hadi amalize. Ila usimlete. Uvumilivu ulionisihi niwe nao niliutumia wote, wala sikuubakiza.

Naishia hapa, kuna mteja anagonga meza. Nisalimie wifi, wabusu watoto. Mkija, njooni mapema, Jumapili huwa sipo.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi